Hoteli ya Nyota Tano Ikiyumba, Nani Anaibeba?

Juni 2020 nilipita barabara ya Paje kwenda Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, karibu kila hoteli imefungwa, geti lina mnyororo, walinzi wamekaa kivulini wanacheza bao kwenye mashimo waliyochimba mchangani. Sasa kulikuwa na hoteli moja kubwa, jina lake naliacha, usiku taa zinawaka, bustani inamwagiliwa, jenereta inanguruma, na bwawa la kuogelea maji yake bluu safi kabisa wakati ndani hamna mgeni hata mmoja. Nikamuuliza mlinzi mbona mnachoma dizeli bure, akaniambia bwawa ukiliacha maji yanageuka kijani na pampu inakufa, chumba kikifungwa bila hewa kinaota ukungu mpaka kwenye godoro, na kuja kurudisha vyote hivyo ni hela nyingi kuliko hiyo dizeli. Nikamwelewa. Ila ami yangu, ambaye ndo alikuwa anawapelekea hoteli hiyohiyo jodari na pweza, alikuwa anawadai hela ya miezi mitatu na ofisi ya manunuzi simu zake hawapokei.

Tangu siku ile hili jambo halijanitoka kichwani. Bwawa lilipata hela ya kuishi, mvuvi hakupata.

Watu wengi wakisikia vita, ugonjwa, dola imepaa, ndege hazitui, wanasema hoteli za bei kubwa ndo zitakufa kwanza kwa sababu starehe ni kitu cha mwanzo mtu kukata. Mimi naona ni kinyume chake. Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, mwaka 2020 wakashuka mpaka laki sita na ushee, halafu 2024 wakavuka milioni 2.1. Zanzibar peke yake ilitoka 538,264 mwaka 2019 ikaanguka mpaka 260,644 mwaka uliofuata, na 2024 ikafika 736,755. Hapo katikati pana Korona, pana vita ya Ukraine, mafuta kupanda bei, riba za mikopo kupanda dunia nzima, na bado Agosti 2025 kule Masai Mara ikafunguliwa kambi ya Ritz-Carlton ambayo bei yake inaanzia kama dola 3,500 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Mtu hawezi kumwaga hela namna hiyo porini kama hajui anajikinga vipi dunia ikichafuka. Wanajua, na wanajikinga vizuri sana, swali langu mimi ni hiyo mvua wanayoikinga inaenda kumnyeshea nani.

Kosa tunalolifanya ni kuona hoteli kama kitu kimoja, kumbe ni vitu vitatu vimevaa nguo moja. Kuna jina lililoandikwa getini, kuna mwenye jengo na ardhi, halafu kuna watu, yaani wanaotandika vitanda, wanaopika, na wale wa nje wanaoleta samaki, mchicha, mkaa na boda boda. Msukosuko ukija hawa watatu hawaumii sawa hata kidogo.

Chukua hoteli ya Kilimanjaro pale Kivukoni, Dar es Salaam. Ilifunguliwa 1965, ikawa ya serikali, viongozi na wageni wa nchi wote wamelala pale, baadaye ikachoka ikafungwa, na mwaka 2005 ikarudi na jina la Kempinski, kampuni ya Ulaya ya kuendesha hoteli, leo hii inaitwa Hyatt Regency. Jengo liko palepale linatazama bandari, majina ndo yanapita. Au nenda Serengeti, kuna loji ilifunguliwa 2009 ikiitwa Bilila, chini ya Kempinski hao hao, mwaka ambao dunia ilikuwa bado inaugulia kuanguka kwa mabenki ya Marekani, na mwaka 2012 ikawa Four Seasons. Mgeni anayelipia pale anadhani analala kwa Four Seasons. Analala kwa mwekezaji wa Dubai, Ali Albwardy, ambaye ndo huyohuyo mwenye Hyatt ya Kivukoni. Jina wameliajiri tu.

Na kuliajiri jina kuna namna yake, hapa ndo kwenye siri yenyewe. Kampuni yenye jina inaleta meneja, viwango, mfumo wa kubuki na orodha ya wageni wake duniani kote, halafu inakata kwanza asilimia kadhaa ya mapato, kawaida mbili au tatu, hata kama hoteli imepata hasara, kisha ikipatikana faida inakata tena kipande kwenye faida. Kwahiyo mwaka mbaya jina linapungukiwa mapato ndiyo, ila halidaiwi mkopo wa jengo, halilipi umeme, na sehemu nyingi hata mishahara inatoka kwenye akaunti ya mwenye jengo. Marriott, kampuni ya hoteli ya Marekani, waliligawa hili wazi kabisa mwaka 1993, wakapasua kampuni mara mbili, majengo na madeni yake upande mmoja, kazi ya kuendesha upande wa pili. Ilipofika 2020 walikuwa na hoteli zaidi ya 7,000 zenye majina yao na zile walizomiliki wenyewe unazihesabu haraka tu.

Korona ilipowabana, hawa wenye majina wakafanya kitu ambacho nilivyokisoma nilikirudia mara mbili. Zile pointi za uaminifu, zile ambazo mteja akilala anakusanya ili siku moja alale bure, waliziuza kwa mkupuo kwa makampuni ya kadi za benki. Hilton waliuza pointi za dola bilioni 1 kwa American Express mwezi Aprili 2020, na Marriott mwezi uliofuata wakapata dola milioni 920 kutoka kwa JPMorgan Chase na American Express hao hao. Yaani hoteli ziko tupu, dunia imefungwa, na jina peke yake linauza ahadi ya usingizi wa miaka ijayo na kulipwa leo. Hiyo ni akili ya biashara na siibezi, ila fikiria ukiwa muosha vyombo kwenye hoteli yenye jina hilo, Aprili hiyohiyo, umeambiwa kaa nyumbani tutakupigia.

Nairobi ndo wametuonyesha mwisho wa hii hesabu. Hoteli ya InterContinental ilifungwa 2020. Hilton, lile jengo la duara ambalo kila aliyewahi kupita katikati ya mji analijua, lilifunguliwa 1969 na likafungwa tarehe 31 Desemba 2022 baada ya zaidi ya miaka hamsini, na serikali ya Kenya ilikuwa na hisa karibu asilimia 40 kwenye kampuni iliyolimiliki. Sasa niambie, Hilton imekufa? Hapana, jina la Hilton lipo hapohapo Nairobi kwenye hoteli nyingine, lipo duniani kote, hisa zake zinauzwa New York. Kilichokufa ni jengo kama hoteli, na ajira za watu waliokuwa mle ndani. Kwahiyo mtu akikuandikia kwamba hoteli za kifahari zinajua kuhimili misukosuko, muulize kwanza anaongelea kipi kati ya vile vitatu.

Mwenye jengo yeye anaishi kwa kitu kimoja, hela inayotoka kwingine. Hili nalisema kwa uhakika kwa sababu ukipanga hoteli zetu kubwa zote zilizovuka salama utakuta nyuma yake kuna mtu au taasisi ambayo chakula chake cha jioni hakitegemei vyumba vijae. Huyo Albwardy ana supamaketi za Spinneys huko Dubai, na watu wakifungiwa ndani bado wanakula. Singita Grumeti, loji na kambi za kifahari upande wa magharibi wa Serengeti, ipo kwenye ardhi iliyokodishwa mwaka 2002 na Paul Tudor Jones, bilionea wa Marekani ambaye utajiri wake umetoka kwenye masoko ya fedha. Hoteli za Serena zipo chini ya mfuko wa maendeleo wa Aga Khan, ambao ukisikia wanaingia sehemu ujue wanapiga hesabu ya miongo, siyo ya msimu. Walifungua Kabul mwaka 2005, hoteli ikashambuliwa 2008, ikashambuliwa tena 2014, wakabaki, Taliban wakarudi madarakani 2021 wakabaki, mpaka Februari 2025 ndo wakaondoka na hoteli ikachukuliwa na shirika la serikali ya pale. Miaka ishirini! Mkopo wa benki ya biashara usingekuvumilia hata miaka miwili kwenye hali hiyo.

Ndo maana naumia nikiona mzawa anakopa benki kwa riba za kwetu hizi anajenga hoteli ya vyumba sitini anaweka marumaru na bwawa anaiita ya kifahari, halafu anategemea wageni wa mwezi huu walipe rejesho la mwezi huu. Huyo hajajenga hoteli ya kifahari, amejenga hoteli ya gharama. Ufahari wenyewe ni ule uwezo wa kukaa tupu mwaka mzima bila kutetereka.

Tukija kwenye bei, hapo pia kuna somo. Hoteli za juu kabisa hazishushi bei, zinaona bora chumba kilale kitupu. Siyo kiburi. Ukishamuuzia mtu chumba cha dola 1,200 kwa dola 400, mwaka kesho hutaweza kumshawishi kwamba ile 1,200 ilikuwa halali, na mawakala wa Ulaya na Marekani waliouza kwa bei ya zamani watakugeuka. Kwahiyo wanafanya ujanja, wanakupa usiku wa nne bure ukilipia tatu, wanakuondolea gharama ya kufuliwa nguo, wanakutumia gari uwanja wa ndege, bei kwenye karatasi inabaki ileile. Na 2020 makampuni ya safari karibu yote yalikuwa na wimbo mmoja, ahirisha usighairi, maana ukighairi wanakurudishia amana yako na hiyo amana ilikuwa imeshalipa mishahara ya Machi.

Halafu hesabu yenyewe inawabeba. Tuseme una kambi ya mahema kumi unauza dola 1,500 kwa hema, ukijaza manne tu una dola 6,000 kwa usiku. Mwenzako wa pwani ana vyumba mia mbili vya dola 60 na chakula ndani yake, ili afikie hizo 6,000 anatakiwa ajaze vyumba mia moja, na hao watu wa vyumba mia moja wote wanakula, wanaoga, mashuka yao yanafuliwa, maji Unguja huko mashariki mara nyingi ni ya kununua au ya kuchuja kutoka baharini. Kwahiyo anayeyumba kwanza ni yule wa katikati na wa chini, mwenye ndege za kukodi zinazomwaga watu mia mbili kwa mkupuo. Mei 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu Mombasa, makampuni ya safari ya Thomson na First Choice yaliwaondoa mamia ya wageni wao ndani ya siku mbili tatu na kukata safari mpaka Oktoba. Onyo la ubalozi likitoka, bima ya safari inakuwa haina nguvu, na bila bima kampuni haithubutu kumwacha mteja pale hata kama yeye mwenyewe hana hofu. Hoteli nyingi za ufukwe wa pwani ya Kenya zilifunga msimu ule. Wakati huohuo kambi ndogo za gharama huko Mara zilipungukiwa, ila hazikuzimika.

Na kuna kitu kingine cha kwetu ambacho sioni kikisemwa. Hoteli nyingi za porini Tanzania zinafunga kila mwaka mwezi wa nne na wa tano kwa ajili ya masika. Kila mwaka! Wanajua nani anabaki, nani anaenda likizo, mahema yanakunjwaje, gari zinawekwa juu ya mawe, mashuka yanahifadhiwa wapi nyani wasifike. Hoteli ya mjini London au Paris ambayo haijawahi kuzima taa tangu izaliwe, Machi 2020 ilikuwa haijui hata funguo za mlango mkubwa ziko wapi, sisi tulikuwa tunajua kufunga na kufungua kama mama anavyofunga genge lake jioni. Huo ni ujuzi, na upo mikononi mwa wafanyakazi, haupo kwenye makabrasha ya kampuni yenye jina.

Zanzibar nayo ilifanya jambo lake kwa wageni. Tanzania ilifungua anga tarehe 18 Mei 2020, Kenya ndege za kimataifa zikarudi tarehe 1 Agosti, na Ulaya ya magharibi watu wengi walikuwa bado hawasafiri mbali, kwahiyo soko la zamani la Waitaliano na Waingereza lilikuwa limekauka. Wakaja Warusi, Waukraine, Wapoland, ndege za kukodi zinashuka, vijana wa ufukweni Nungwi na Kiwengwa ndani ya miezi michache wanakuita kwa Kirusi. Kimahesabu ilikuwa ni kuokoka. Ila ukihama kutoka kwenye mti mmoja ukakaa kwenye tawi moja la mti mwingine hujatulia bado, Aprili 2021 Urusi ikasimamisha ndege za kuja Tanzania kwa miezi kadhaa kwa sababu ya Korona na hoteli zikashika kichwa upya. Halafu Februari 2022 vita ikaanza, na kwenye hoteli hizohizo walikuwepo Warusi na Waukraine pamoja, kadi za benki za huyu zinagoma, yule hana nyumba ya kurudia. Serikali ya Zanzibar ikakaa na wenye hoteli ili wale Waukraine waliokwama wasitupwe nje, na baadaye wapatao 900 wakasafirishwa kwenda Poland. Mimi lile jambo nalihesabu kama heshima ya Wazanzibari, na ningependa likumbukwe zaidi ya linavyokumbukwa.

Hoteli za kifahari za mjini zina ugonjwa tofauti kabisa. Hizo haziishi kwa watalii, zinaishi kwa semina. Dar, Nairobi, Kampala, Arusha, ukiingia lobi saa nne asubuhi unakuta ubao, ukumbi namba moja warsha ya lishe, ukumbi namba mbili mafunzo ya utawala bora, watu wana beji shingoni wanasubiri chai na sambusa. Mwishoni mwa 2015 Magufuli alivyoingia akasema vikao vya serikali vifanyike kwenye kumbi za serikali, na ndani ya muda mfupi hoteli zikaanza kulia, kuna zilizogeuzwa hosteli za wanafunzi. Hapo hapakuwa na vita wala ugonjwa, ni kauli moja ya rais. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na zile warsha za mashirika zikapotea kama zilivyopotea zile za serikali, tofauti ni kwamba safari hii ilikuwa nchi nyingi kwa pamoja. Hoteli ambayo mteja wake mkubwa ni bajeti ya mtu mwingine inakuwa imeweka shingo yake kwenye kalamu ya mtu asiyemjua. Wenye busara walianza kuvutia harusi, vipaimara, chakula cha mchana cha Jumapili kwa familia za hapahapa, na bei ya wakazi. Kenya 2020 bei za wakazi ndo zilizobeba hoteli nyingi, serikali yao ikashusha na VAT kutoka asilimia 16 mpaka 14, na Mkenya wa kawaida wa Nairobi kwa mara ya kwanza akalala kwenye kambi ambayo alikuwa anaiona kwenye picha za wazungu. Sisi huku bado mtu akifika geti la hoteli kubwa kwa miguu anaulizwa anataka nini. Hilo linaniudhi sana, maana mgeni pekee ambaye hahitaji ndege, viza wala ruhusa ya ubalozi ni huyu wa hapa.

Na misukosuko ya sasa hata haichagui sehemu. Juni 2025 Qatar ikafunga anga yake kwa saa kadhaa wakati Iran inarusha makombora, na mgeni wa Zanzibar ambaye kaunganisha ndege Doha akajikuta amelala sakafuni uwanjani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku, na hoteli ambayo buking, malipo, hata ufunguo wa chumba vyote vinapita mtandaoni ikabaki na daftari na kalamu. Watu waliofariki siku zile ndo msiba mkubwa na siwezi kulinganisha na biashara ya mtu yeyote. Nataka tu mtu aelewe kwamba wasiwasi wa dunia hauishii huko kwenye televisheni, unaingia mpaka risepsheni.

Sasa turudi kwa watu, kwa sababu huko ndo nilikokuwa naelekea muda wote.

Msukosuko ukija, jina linapunguza wafanyakazi wa makao makuu na kuuza pointi. Mwenye jengo anazungumza na benki, anapewa muda. Mfanyakazi anapewa barua. Mei 2020 wafanyakazi wa Norfolk ya Nairobi, hoteli iliyopo tangu 1904, waliandikiwa na menejimenti kwamba mikataba yao inavunjwa kwa sababu hakujulikani biashara itarudi lini, na habari ikaenea Kenya nzima. Angalau ile ilikuwa barua ya wazi. Huku kwetu kilichotawala ni likizo bila malipo, na hii ni mbaya kuliko mtu anavyodhani. NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, wana fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa aliyetimiza masharti ya michango, lakini wewe uliye kwenye likizo bila malipo ajira yako kwenye karatasi bado ipo, hujafukuzwa, kwahiyo unakosa mshahara na unakosa na fao. Mhudumu mmoja wa vyumba ninayemfahamu alikaa hivyo miezi tisa, akarudi kwao Mkuranga akalima mihogo, hoteli ilipofungua ikamwita na mkataba mpya wenye mshahara mdogo kuliko wa zamani, na akasaini, angefanyaje. Hoteli ile kwenye vitabu itaonekana imehimili.

Kuna walioonyesha njia nyingine. Taj Mahal Palace ya Mumbai, imefunguliwa 1903, Novemba 2008 ilivamiwa na magaidi, wafanyakazi kadhaa walikufa wakiwatoa wageni. Ndani ya mwezi mmoja, tarehe 21 Desemba, upande wa mnara ukafunguliwa tena, na Desemba hiyohiyo wenye hoteli, kundi la Tata, wakaanzisha mfuko wa kusaidia wahanga na familia zao. Unajua kwa nini naipenda hii habari? Kwa sababu pale jina na jengo ni la mtu mmoja. Hakuna wa kumsukumia. Ukimwacha mpishi wako afe njaa, ni jina lako lililoandikwa juu ya paa ndo lenye aibu. Hata DusitD2 ya Nairobi, walivyoshambuliwa Januari 2019 na watu 21 kuuawa, hoteli ilifungua tena mwaka huohuo, na huwezi kufungua sehemu kama ile bila wafanyakazi kukubali kurudi kwa miguu yao kwenye korido zilezile.

Kwahiyo mimi ninachotaka kwa hizi hoteli zetu ni vitu ambavyo vinaandikika kwenye mkataba. Serikali inapompa mwekezaji eneo la hifadhi au ufukwe, imdai mfuko wa dharura wa mishahara hata wa miezi mitatu tu, uwekwe pembeni, usiguswe kama yeye anavyotaka mgeni aweke amana kabla hajaja. Kama hoteli inadai amana ya asilimia 30 kutoka kwa mgeni miezi sita kabla, haiwezi kuniambia haina hela ya kumlipa mvuvi siku 30 baada ya samaki kuliwa. Halafu ile likizo bila malipo iwe na kikomo cha kisheria, ikizidi mwezi mmoja mfanyakazi ahesabiwe amepoteza ajira ili fao limfikie, na wa Zanzibar kwenye mfuko wao wa ZSSF nao walindwe hivyohivyo. Na ile ada ya jina, hiyo asilimia mbili tatu inayokatwa hata kwenye hasara, mwenye jengo akienda kujadili mkataba aseme wazi kwamba mwaka wa janga ada inasimama mpaka mishahara ilipwe. Wenye majina makubwa watakataa mwanzoni, ila wanahitaji Serengeti zaidi ya Serengeti inavyowahitaji wao, porini kwingine hakuna nyumbu milioni moja na zaidi wanaohama.

Nilimtembelea ami mwezi wa Ramadhani uliopita. Ile hoteli ilimlipa, ila ilimlipa mwaka 2022, kwa mafungu, na wakati huo alishauza mashine ya boti na anavua kwa tanga. Sasa ana mashine nyingine, na hoteli ina wageni, imejaa, wamebadilisha mpaka jina getini, ni kampuni nyingine inayoiendesha, ofisi ya manunuzi wana vijana wapya wenye adabu na wanamwita mzee wangu. Anawapelekea jodari kama zamani. Ila hashushi hata samaki mmoja mpaka simu iingie meseji kwamba hela imefika, anasimama pale mlango wa nyuma na kapu lake kwenye barafu, na kijana wa stoo akimwambia mzee tutaandika, anamjibu taratibu kwamba nenda kawaulize waliokutangulia mimi niliandikiwa nini.